Miaka Thelathini na Minne ya Ndege Mwenye Mwiko

Kengele ya saa kumi jioni, tarehe thelathini ya mwezi huu, itamkuta Mzee Mwiko, fundi mchoraji mkuu wa kiwanda chetu cha sabuni, akiosha brashi kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na miaka sitini ya umri, na kwa ushahidi wa wote waliofanya kazi jirani na karakana yake, hajawahi kutimiza siku moja bila kuimba.

Mhariri wa jarida hili alinitengea nusu ukurasa. Nilimkumbusha kwamba toleo lililopita mashine mpya ya kukatia sabuni ilipewa kurasa mbili na picha ya rangi, nayo ikalala chini wiki ya tatu. Mzee Mwiko hajalala chini miaka yote hiyo, isipokuwa mara moja, topeni, na habari hiyo inakuja. Basi nimechukua kurasa mbili. Mwenye malalamiko aje ghalani.

Rangi yote ya kiwanda hiki imepita mikononi mwangu, tangu nilipokuwa mbeba katoni hadi leo ninaposhika funguo za ghala, kwa hiyo hesabu hii msibishane nayo: mtu huyu amechora ndege elfu sita na mia mbili. Ni ndege mmoja kila siku mbili, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ukikutana na ndege mweupe kwenye ukuta wa duka, kwenye mlango wa lori au juu ya paa la kioski, shingo ndefu, miguu kama vijiti vya mwavuli, mdomo mrefu bapa unaopanuka nchani kama mwiko wa jikoni, umekutana na mkono wake. Wateja hawajui jina lililoandikwa kwenye sabuni yetu. Wao husema tu, nipe ile ya mwiko.

Ndege huyo alizaliwa kwa kutosikia vizuri. Mwanzilishi wa kiwanda, marehemu Mzee Mkubwa, alimwajiri kijana wa vibao vya maduka na siku ya kwanza akampa maagizo wamesimama kando ya pipa la kuchemshia sabuni, mahali ambapo hata ukiungama dhambi hakuna atakayekusikia. Mzee Mkubwa alitaka yangeyange, ndege mweupe wa kuendana na sabuni nyeupe. Akaonya kwamba mdomo usiwe wazi, kwa sababu ndege aliyepanua mdomo kwenye sabuni ataonekana anaila. Alivyosema yeye ni hivi: mdomo wazi, mwiko. Kijana, katikati ya ngurumo za pipa, aliambulia maneno matatu: yangeyange, mdomo, mwiko.

Mgeni kazini haulizi mara mbili. Kijana akaona hilo ni agizo kama maagizo mengine, tajiri ana mapenzi yake, akaenda moja kwa moja kantini kutafuta mwiko wa kuigia. Mpishi msaidizi, binti mwenye ulimi wa kukata kamba, alimkuta ameushika mwiko wake anaupima kwa vidole, akamuuliza kama amekuja kula au kushona nguo. Alipoeleza kuwa anatafuta mdomo wa ndege, binti aliita kantini nzima ije imwone. Watu wakacheka, chakula kikaungua, na mwiko haukurudishwa mpaka jioni. Mwaka uliofuata walioana. Yeye ndiye mpishi wetu mkuu hivi leo, na mkiona sahani ya mumewe imejaa kuliko zenu, msinung'unike, ni haki ya mtu aliyeposa kwa mwiko.

Lori la kwanza lenye ndege huyo mlangoni lilitoka alfajiri kabla tajiri hajaamka. Lilirudi jioni likiwa tupu, na dereva akiwa na maombi ya maduka kumi na manne yanayotaka zaidi ile sabuni ya ndege mwenye mwiko. Mzee Mkubwa alilizunguka lori, akasimama mbele ya mlango, akauliza ni kitu gani kile kwenye uso wa ndege. Kijana akajibu kwa adabu kuwa ni mwiko, kama alivyoagizwa. Mzee Mkubwa alicheka hadi akakaa juu ya gunia la magadi, na suruali yake ikatoboka. Ndege akabaki.

Tangu hapo Mzee Mwiko hakupima ndege kwa futi wala mita. Anapima kwa miche ya sabuni: shingo miche miwili, miguu miche miwili na nusu, mdomo mche mmoja kamili. Wanafunzi wake wamefundishwa hivyo, na aliyezidisha mdomo hupangusa mwenyewe. Amegombana na kila mtu aliyemwita ndege huyo bata. Aliyemwita korongo alimsamehe, kwa shingo upande. Na yule mwenye duka aliyetaka ndege achorwe anatabasamu aliulizwa kama yeye ameshawahi kuona mwiko ukitabasamu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana humu kiwandani kuna watu wanaodhani ukuta hujichora.

Miaka sita iliyopita, kiwanda cha sabuni cha ng'ambo ya reli kilitushtaki kwa Msajili wa Alama za Biashara. Wao wana yangeyange kwenye sabuni yao, na walimsajili kabla yetu. Dai lao lilikuwa fupi na, niseme ukweli, lilikuwa na akili: hakuna ndege duniani mwenye mdomo kama huo, kwa hiyo ndege wetu ni yangeyange wao aliyechorwa vibaya. Walitaka afutwe kote ndani ya siku tisini. Kote maana yake kuta mia nne na kumi na mbili na malori kumi na tisa. Bosi wetu wa sasa, binti wa marehemu, hakuficha kitu. Ndege akifutwa, alisema, hatachorwa mwingine kwa mkono. Zitanunuliwa stika na karakana ya rangi itafungwa. Karakana ilikuwa na wachoraji watano. Mmoja alikuwa amepata mapacha mwezi ule. Mzee Mwiko alikuwa na miaka hamsini na minne, umri mbaya kuliko yote wa kutafuta kazi, kwani ni mzee wa kuajiriwa na kijana wa kustaafu.

Wakili wetu alisema tutapona kwa njia moja: tuoneshe kwamba ndege huyo yupo kweli, na kwamba si yangeyange. Tukatazamana. Sote tuliamini hayupo. Mzee Mwiko mwenyewe alikuwa amejisifu kwa miaka ishirini na minane kwamba amemuumba, na kwenye harusi za watu alijitambulisha hivyo.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori namba saba, ambaye aliuliza kwa mshangao mbona yeye huwaona. Kwenye mabwawa nyuma ya kituo cha pampu za maji, karibu kila wiki. Tulipomuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo, alijibu kwamba alidhani ni sehemu ya matangazo yetu.

Jumapili asubuhi tukaenda na lori namba saba: dereva, Mzee Mwiko, mkewe na mimi. Wa kwanza tuliowaona walikuwa yangeyange, na moyo wa fundi wetu ulishuka mpaka kwenye soksi. Weupe tupu, wembamba, mdomo mweusi umechongoka kama sindano ya magunia. Miguu myeusi, vidole vya njano, utadhani amevua viatu akasahau soksi. Yangeyange husimama kimya kama anayedaiwa, kisha anadunga maji ghafla na kuibuka na samaki. Wakaruka, na walipokuwa hewani wakakunja shingo kama mtu anayepita mlango mfupi.

Ndipo kundi jingine likaja kutoka upande wa jua. Weupe vilevile, lakini hawa walinyoosha shingo mbele kabisa, kama watu wanaochungulia foleni imefikia wapi. Wakatua majini. Wakubwa, wanene kidogo kuliko yangeyange. Na usoni, mbele ya macho yetu manane, kila mmoja alikuwa na mwiko. Mrefu, bapa, umepanuka nchani, kana kwamba wametoka kantini sasa hivi. Hawakudunga maji. Waliingiza midomo, wakaiachia wazi kidogo, wakaanza kuipitisha kushoto na kulia, kushoto na kulia, huku wakitembea.

Mke wake ndiye aliyesema, taratibu, "Baba watoto, hao wanapika."

Mzee Mwiko aliteremka ukingo bila kutazama anakanyaga wapi, akateleza, akakaa topeni hadi kiunoni, na hapo akabaki anacheka. Mkewe akacheka. Dereva akapiga honi bila sababu yoyote. Mimi niliyekuja kwa ajili ya kazi nilijikuta nawapungia ndege mkono. Mhudumu wa pampu alitoka kibandani kuuliza kulikoni, mbona mtu mzima anafua nguo akiwa amezivaa. Tukamwonesha ndege. Akasema, bila hata kuwatazama mara mbili, kwamba hao ni domomwiko.

Domomwiko! Kumbe ana jina, na jina lenyewe ni letu. Miaka ishirini na minane tunamwita mwenye mwiko kwa utani, na mtu wa pampu anamwita hivyo kwa kuwa ndivyo anavyoitwa.

"Mungu amenitangulia," alisema Mzee Mwiko kutoka topeni, na sijawahi kuona mtu aliyefurahi namna ile kwa kupoteza sifa.

Furaha hiyo haikumaliza robo saa. Lori lilikuwa limeegeshwa pale pale, na mlangoni kuna ndege wetu, kwa hiyo tuliweza kuwalinganisha. Mdomo: sawa. Umbo: sawa. Lakini domomwiko wa bwawani alikuwa na ngozi nyekundu usoni, kama aliyejipaka na kukosea. Miguu yake ilikuwa ya wekundu wa kuiva. Mdomo ulikuwa wa kijivu wenye kingo nyekundu. Wetu ana uso mweupe, miguu myeusi, mdomo wa njano, na juu ya hayo ncha za mabawa yake ni nyeusi. Sababu naijua mimi. Siku zile rangi nyekundu ilikuwa ya ndoo za kuzimia moto peke yake, kwa amri, na ghala halikutoa hata kijiko. Fundi alikuwa na nyeupe, nyeusi na njano. Ncha nyeusi za mabawa alizichora ili kuficha oili iliyokuwa ikivuja kwenye bawaba ya mlango wa lori la kwanza, kisha zikageuka mtindo. Miguu myeusi, hapana wekundu: wakili wa ng'ambo ya reli angetusaga kama karanga.

Tulikaa kwenye ngazi ya lori. Mpishi pekee ndiye aliyeendelea kutazama, maana yeye, kwa mazoea ya kazi, huwa anaangalia nani hajala. Nyuma ya domomwiko mmoja kulikuwa na mwingine, karibu sawa naye kwa kimo, anamfuata kila aendako, anampigia kelele, anampapasa mdomoni. Mpishi alisema huyo ni mtoto, hakuna mtu mzima anayeomba chakula hivyo isipokuwa wanaume wa zamu ya usiku. Yule mtoto akatanua mabawa kudai haki yake. Ncha zilikuwa nyeusi. Uso hauna wekundu. Miguu ya giza. Mdomo wa njano iliyofifia.

Tukageuka wote wanne kutazama mlango wa lori. Mhudumu wa pampu akathibitisha kwamba wekundu huja wakikua, na dereva akapiga picha nyingi kwa simu yake mpaka ikazimika. Ndege wetu hakuwa amekosewa. Alikuwa bado mdogo.

Shauri lilisikilizwa kwenye chumba cha ghorofa ya pili, feni moja, viti vinavyolia ukipumua. Msajili alikuwa mama mmoja wa miwani mizito, hana haraka. Tulionesha picha: mdomo, shingo hewani, mtoto na ncha za mabawa yake. Wakili wa wenzetu hakubabaika. Alikubali kwamba domomwiko yupo. Alichosema ni kwamba mchoraji wetu hakuwahi kumchora, kwani hakumjua. Alichora yangeyange, brashi ikamponyoka, na bahati haiwezi kuwa alama ya biashara. Kisha akamgeukia Mzee Mwiko na kumtaka ajibu kwa kiapo siku ile alikusudia kuchora ndege gani.

Wakili wetu alifumba macho. Jibu la uongo lilikuwa jepesi, lina herufi chache, na lingeokoa kuta zote. Mzee Mwiko alisimama, kiti kikalia.

"Mheshimiwa, nilikusudia yangeyange. Akatoka huyu. Mimi na mke wangu tulikusudia mvulana, akatoka binti, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kwamba yule ni mvulana aliyekosewa."

Chumba kilianza kucheka kutoka nyuma kuja mbele, na kicheko kikamfikia Msajili mwisho. Alivua miwani akaifuta. Akamwita tarishi wa ofisi, mtu mzima ambaye siku nzima alikuwa nje ya mlango, akamwambia asimame pale pale kizingitini. Akaweka mezani sabuni mbili, ya ng'ambo ya reli na yetu, akamuuliza huwa anatumwa sabuni ipi nyumbani kwake. Tarishi alinyoosha kidole bila kusogea. Ile ya mwiko, akasema, ile nyingine ni ya yangeyange, nayo inakausha ngozi.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Msajili alisema mnunuzi hanunui nia ya mchoraji, hununua anachokiona, na mwenye macho hawezi kuchanganya mwiko na sindano. Dai likatupwa. Kuta zote mia nne na kumi na mbili zikabaki. Baba wa mapacha alizibeba ndoo za rangi kichwani akazunguka nazo uwanja mzima wa kiwanda, na nikamwacha, ingawa moja ilikuwa na kifuniko kilicholegea na mpaka leo kuna mstari wa njano unaotoka karakana hadi getini.

Nitasema na hili kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema. Kwenye sherehe ya ushindi, wakili alikaa meza ya mbele. Mzee Mwiko aliwekwa karibu na jenereta. Mkewe hakukaa kabisa, kwani ndiye aliyepika. Hotuba ya utawala iliwashukuru wadau wote wa mchakato. Mimi nimepanda kutoka kubeba katoni na sijawahi kuona mchakato ukikaa topeni. Yeye hakulalamika, alikuwa anaimba kushindana na jenereta, na akashinda. Lakini mimi ninalalamika kwa niaba yake, rasmi, katika jarida hili.

Baada ya hapo Bosi alimwita akamuuliza kama sasa, tukiwa tunajua, ndege akuzwe: apewe uso mwekundu na miguu miekundu kama mkubwa. Nyekundu ilikuwepo ghalani, nilishaiandaa. Mzee Mwiko alikataa. Alisema tumeshinda kwa mtoto, tukimkuza wataanza upya kudai kuwa ni mwingine. Akaongeza kwamba ndege mwenye kuomba chakula huwafanya watu wamwonee huruma wakanunua. Hesabu za mauzo za mwaka ule hazikumpinga.

Leo karakana ina wachoraji saba. Kuanzia tarehe mosi itaongozwa na dada aliyeanza hapa kwa kuosha makopo ya rangi, na ambaye mdomo wake wa ndege hauzidi mche mmoja hata ukimfunga kitambaa machoni. Mke wa mstaafu amebakiza miaka miwili ya ajira, kwa hiyo tunatarajia mgeni mmoja kantini kila siku saa saba mchana. Naomba utawala usije ukamwekea zuio getini. Chakula chake nimeshakipigia hesabu, kinatosha.

Mzee wetu, ndege wako hajaota wekundu usoni, na wewe umeota mvi kwa niaba yake. Hajakua kwa sababu ulisema ukweli mahali ambapo uongo ungelipa, na watu saba wanakula kwa ukweli ule. Asante kwa kazi, asante kwa kelele. Kaa kivulini, lala mchana bila kengele, na Jumapili ukienda kule mabwawani, tusalimie wapishi. Afya ikushike mkono kila uendako, wewe na mama. Sisi kuta tutazitunza.